Picha za Waviking na Mtu Tuliyemsahau

Yapo mambo ambayo mtu akiyapenda utotoni huzeeka nayo, na akiambiwa kwamba yana kasoro hukasirika kana kwamba ametukaniwa mzazi. Kwa mwandishi wa safu hii, na nadhani kwa wasomaji wengi wa rika lake, picha za senema za Waviking ni miongoni mwa mambo hayo. Tulikuwa watoto wa nchi ya jua kali na minazi. Theluji hatukuijua ila katika kitabu cha jiografia. Walakini tulikaa gizani juu ya viti vya mbao, macho yametutoka, tukiwatazama watu wenye ndevu za rangi ya shaba wakivuta makasia katikati ya ukungu, na tulipotoka nje jua la saa kumi lilitustaajabisha. Tulikuwa tunatoka Norwei.

Picha iliyotuteka kuliko zote ni ile iitwayo "The Vikings", iliyotolewa mwaka 1958. Kwetu ilifika ikiwa imekwisha kuchakaa, imekatika na kuungwa mara nyingi, hata mtu aliweza kunyanyua shoka ndani ya ukumbi wa karamu na kulishusha akiwa tayari yumo chomboni. Hatukujali. Aliyeiona mara tatu alikuwa bingwa wa mtaa, na waliokosa kiingilio walimlipa karanga ili awahadithie.

Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa juu ya swali moja: nani steringi? Kanuni ya senema ilijulikana na kila mtoto, nayo ni kwamba steringi hafi. Sasa katika picha hii wapo vijana wawili. Wa kwanza ni Einar, mwana wa mfalme Ragnar, aliyechezwa na Kirk Douglas. Wa pili ni Eric, mtumwa, aliyechezwa na Tony Curtis, ambaye hajui kwamba naye ni damu ya Ragnar, kwa maana mama yake alikuwa malkia wa Northumbria huko Uingereza aliyenajisiwa na Ragnar katika uvamizi. Ndugu hao wanachukiana tangu mwanzo. Eric anamrushia Einar kipanga wake, na ndege yule anamnyofoa jicho. Jina la Kirk Douglas ndilo lililotangulia katika matangazo, na kampuni yake mwenyewe, Bryna, ndiyo iliyoitengeneza picha. Basi kwa hesabu zetu zote yeye ndiye steringi. Lakini mwishowe yeye ndiye anayekufa! Mwenzetu mmoja alishikilia mpaka tulipokuwa watu wazima kwamba Einar hakufa, bali alizimia tu, na kwamba wale waliomchoma moto walifanya haraka.

Leo naona kwamba hapo ndipo palipokuwa na siri ya picha ile. Siku hizo tulizoea mambo yaliyokatwa kwa shoka: huyu mwema, yule adui, na ngumi ya mwisho ina mwenyewe. Hapa tulipewa adui mwenye jicho moja tuliyempenda kuliko mwema wake. Katika pambano la mwisho juu ya mnara wa ngome, upanga wa Eric umevunjika na Einar amekwisha kunyanyua wake. Anasita. Ameambiwa muda mfupi uliopita kwamba huyu aliye chini yake ni ndugu yake. Kusita huko ndiko kunakomwua, maana Eric, asiyejua lolote, anamchoma kwa kipande cha upanga kilichosalia mkononi. Watoto tuliokuwa tukipiga kelele tangu mwanzo wa picha tulinyamaza kimya.

Lipo pia lile jambo la shimo la mbwa-mwitu. Ragnar ametekwa na mfalme Aella, amefungwa mikono, na anakaribia kutupwa kwa wanyama wenye njaa. Haombi maisha, anaomba upanga, kwa sababu imani yake ilifundisha kwamba mtu akifa na silaha mkononi hupokewa na mungu Odin katika ukumbi wa Valhalla. Eric anamkatia kamba na kumpa upanga. Mzee anacheka, kisha anaruka mwenyewe ndani ya shimo. Kwa tendo hilo Eric anakatwa mkono. Aliyecheza kama Ragnar ni Ernest Borgnine, na hapa niruhusiwe kuchomeka kioja kimoja: Borgnine alizaliwa Januari 1917, na Kirk Douglas Desemba 1916. Baba alikuwa mdogo kuliko mwanawe kwa zaidi ya mwezi mmoja, wala hakuna mtu ukumbini aliyeshuku, kwa jinsi ndevu zake zilivyokuwa nyingi.

Msomaji kijana atauliza: mbona picha za siku hizi za Waviking zina vita vikubwa zaidi na damu nyingi zaidi, na bado ninyi wazee mnaililia ile? Jibu langu ni moja. Vitu vile vilikuwepo. Mwongozaji Richard Fleischer aliwapeleka watu wake Hardanger, magharibi ya Norwei, ambako bahari huingia ndani ya nchi kwa mahori marefu yaliyobanwa na milima. Vyombo walivyovitumia vilijengwa kwa kufuata mfano wa merikebu za kale zilizofukuliwa ardhini huko huko. Mashuhuri katika hizo ni ile ya Gokstad, iliyofukuliwa mwaka 1880, yenye urefu wa mita 23 hivi na nafasi za makasia 32. Mbao zake hupandana kama vigae vya paa na kufungwa kwa misumari ya chuma, tofauti kabisa na mtepe wetu ulioshonwa kwa kamba za nazi. Mtu aliyekulia pwani hahitaji kufundishwa kutambua chombo kinachoelea na chombo cha kuchorwa. Tuliona mkuku ukipasua maji, tuliona namna tanga linavyovimba, tukasema: hiki kinakwenda.

Na yale makasia! Waviking wanarudi nyumbani, na kwa furaha Einar anatoka nje ya ubavu wa chombo na kukimbia juu ya makasia yaliyonyoshwa, kutoka kasia hadi kasia, maji yapo chini yake. Kirk Douglas alilifanya jambo hilo mwenyewe. Mchezo huo haukubuniwa Marekani. Masimulizi ya kale ya wafalme wa Norwei yanamsifu Olaf Tryggvason kwamba aliweza kutembea juu ya makasia nje ya merikebu huku watu wake wakiendelea kuvuta. Sisi tuliujaribu kwa miti ya boriti iliyolazwa juu ya mtaro, na mpaka leo ninalo kovu mguuni.

Mpiga picha alikuwa Jack Cardiff, Mwingereza aliyekwisha kupata tuzo ya Oscar kwa picha ya "Black Narcissus". Yeye ndiye aliyetuonyesha ule mwanga wa kaskazini ambao si mchana wala si usiku, na ule mwisho ambapo maiti ya Einar imelazwa chomboni, tanga limetandazwa, na mishale ya moto inaruka angani jua likizama. Nimeona tangu wakati ule picha zilizogharimu fedha nyingi mara kadhaa kuliko ile. Moto wa kompyuta hauna joto.

Hata hivyo, mapenzi yasitufanye vipofu. Wataalamu wamezikagua picha hizi na kukuta uongo wa kutosha. Ngome tunayoiona ikishambuliwa, ambayo eti ni ya Uingereza ya karne ya 9, ni Fort La Latte iliyoko Brittany, Ufaransa, nayo ilijengwa karne ya 14. Kofia za chuma zenye pembe, zinazovaliwa katika picha nyingi za namna hii, hazikuvaliwa na Waviking vitani. Sura hiyo ilienea kutokana na mavazi yaliyobuniwa na Carl Emil Doepler kwa ajili ya michezo ya Wagner huko Bayreuth mwaka 1876. Ragnar wa masimulizi ya kale aliuawa katika shimo la nyoka, siyo la mbwa-mwitu. Na yale mazishi ya chombo kinachoungua huku kikielea yamo katika hekaya za miungu, lakini wachimbaji wa mambo ya kale wanachokikuta ni merikebu zilizofukiwa ndani ya udongo, au mabaki ya zile zilizochomwa nchi kavu.

Shahidi mkubwa wa mazishi ya kuchomwa, kwa bahati, ni mtu aliyeandika kwa Kiarabu. Ahmad ibn Fadlan alitumwa na Khalifa al-Muqtadir kutoka Baghdad mwaka 921, na mwaka uliofuata, kwenye mto Volga, aliwakuta wafanyabiashara wa Kirus, jamaa wa hao Waviking. Aliona chombo cha mkuu wao kikivutwa pwani, maiti ikiwekwa ndani, na kijakazi akiuawa ili amfuate bwana wake, kisha vyote vikateketezwa. Aliandika pia kwamba walikuwa warefu kama mitende, na kwamba hakupata kuona watu wachafu kama wao. Senema haikutuonyesha kijakazi yule.

Hapo ndipo mtu mzima anapoanza kukaa vibaya kitini. Utajiri wa Waviking haukutoka katika dhahabu ya makanisa peke yake. Walikamata watu, wakawauza. Dublin, mji walioukuza wao, ulikuwa soko la watumwa, na sehemu ya zile dirhamu za fedha zinazofukuliwa kwa maelfu huko Gotland, Uswidi, ilikuwa malipo ya binadamu waliopelekwa nchi za mashariki. Sisi wa pwani hii hatuhitaji kuelezwa biashara hiyo ilikuwaje. Lakini utotoni tuliona makasia tu, hatukujiuliza yalikuwa yamebeba nini. Kadhalika wanawake. Katika ukumbi wa Ragnar mwanamke anafungwa kwa nywele zake na Einar anamrushia shoka akiwa amelewa, ili kukata misuko. Ukumbi wa Waviking unacheka, na ukumbi wetu nao ulicheka. Morgana, yule binti wa mfalme aliyechezwa na Janet Leigh, anatekwa akiwa njiani kwenda kuolewa, na picha nzima ni mashindano ya nani atamtwaa.

Kuhusu picha nyingine za aina hii sina mengi. Waitaliano waliziiga upesi, na Mario Bava alitengeneza yake mwaka 1961 kwa fedha kidogo na taa za rangi nyingi. Inapendeza kuliko inavyostahili. Waturuki walitoa yao mwaka 1971, ambamo shujaa Tarkan anapambana na Waviking pamoja na pweza mkubwa wa mpira. Nilipoiona nilicheka mpaka machozi, na sidhani kwamba ndiyo niliyotakiwa kufanya. Mwaka 2022 ilitoka "The Northman" ya Robert Eggers, kazi ya mtu aliyesoma. Nyumba na mavazi yake yamefanyiwa uchunguzi wa kweli, na kiongozi wake ni Amleth, yule ambaye Shakespeare alimfanya Hamlet. Niliiheshimu. Sikutamani kukimbia juu ya makasia yake.

Lakini ipo moja isiyoweza kupitwa, "The Long Ships" ya mwaka 1964. Safari hii Jack Cardiff ndiye mwongozaji, picha ikapigwa Yugoslavia, na hadithi ikachukuliwa kwa mbali sana kutoka riwaya ya Mswidi Frans G. Bengtsson. Richard Widmark ni Mviking anayetafuta kengele ya dhahabu, na mshindani wake ni mwana wa mfalme wa Wamuri, Aly Mansuh. Aliyemcheza Aly Mansuh ni Sidney Poitier. Fikiria, msomaji, maana yake kwa watoto wa Kiafrika wa wakati ule. Aprili mwaka uleule wa 1964 Poitier alipewa Oscar kwa "Lilies of the Field", mtu mweusi wa kwanza kuipata kwa nafasi ya mwigizaji mkuu wa kiume. Na tazama kazi waliyompa: nywele za bandia, kilemba, na bledi kubwa ya chuma iliyopinda kama mtelezo, ambayo watu huteremshwa juu yake wapasuke. Poitier mwenyewe hakuisifu kazi hiyo baadaye. Sisi tulimshangilia, kwa kuwa alikuwa mfalme, alikuwa amepanda farasi, na alikuwa mweusi. Hatukuwa na wengi wa kuchagua.

Nilidhani, basi, kwamba Poitier ndiye aliyekuwa mtu wetu wa pekee katika bahari ile ya ndevu. Nilikosea.

Hivi karibuni mjukuu wangu, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, aliniletea "The Vikings" ndani ya kompyuta. Kumbi nyingi za senema za miji yetu zimekwisha kufungwa au kugeuzwa maghala na maduka, lakini kijana anaweza kuifufua picha ya mwaka 1958 kwa kidole kimoja. Tulikaa pamoja. Nilimwekea mikono mabegani nikimtayarisha kwa kila jambo: sasa utaona kipanga, sasa utaona makasia. Alivumilia. Eric alipotoroka na Morgana kwa mashua ndogo, na Waviking wakamfuata ndani ya ukungu mzito, kijana akaninyoshea kidole kwenye kioo.

"Babu, huyu nani?"

Ndani ya mashua alikuwamo mtu mweusi.

"Yule ni mtumwa mwenzake Eric," nikajibu, nami nilikuwa nakumbuka papo hapo. "Anaitwa Sandpiper."

"Mbona hasemi?"

Sikuwa na jibu. Naam, ukimtazama utaona ni ishara na macho tu. Simkumbuki akitamka neno. Lakini lililonichoma halikuwa kimya chake. Nimeihadithia picha hii kwa miaka mingi, kwa karanga na bila karanga. Tuliigiza kila mtu: Einar, Eric, Ragnar, hata mbwa-mwitu tulipata wa kuwaigiza, na hakuna hata mmoja wetu aliyesema, "Mimi nitakuwa Sandpiper." Watoto weusi kumi na wawili uwanjani, na mtu mweusi wa pekee katika picha tulimpita kana kwamba ni sehemu ya mashua.

Nilikwenda kumtafuta. Jina lake ni Edric Connor. Alizaliwa Mayaro, katika kisiwa cha Trinidad, mwaka 1913, akaenda London mwaka 1944, na akafariki dunia huko mwaka 1968. Na huyu mtu asiyesema alikuwa mwimbaji! Sauti yake nzito ilijulikana Uingereza nzima kupitia BBC, katika kipindi cha "Serenade in Sepia" baada tu ya vita. Ule wimbo wa wapakiaji ndizi wa Jamaica uliompatia Harry Belafonte sifa ya dunia, Connor alikuwa amekwisha kuurekodi kabla yake. Katika "Moby Dick" ya mwaka 1956 alikuwa Daggoo, mrusha chusa. Tena katika mwaka uleule wa 1958, ambao ulimwengu ulimwona kama bubu ndani ya mashua, alisimama Stratford, katika jumba la kumbukumbu la Shakespeare, mweusi wa kwanza kupewa nafasi kwenye jukwaa hilo. Alicheza kama Gower katika "Pericles". Gower ni msimulizi. Ndiye anayeishika hadithi nzima mkononi na kuipeleka kutoka bahari hii hadi ile. Katika "The Vikings" msimulizi ni Orson Welles, anayesikika mwanzoni juu ya michoro iliyofanywa mfano wa zulia la Bayeux. Mwenye sauti mwingine walikuwa naye pale pale, wakampa kazi ya kunyamaza.

Na bado, iangalie vizuri ile sehemu ya ukungu. Waviking wanapotea, chombo cha Ragnar kinagonga mwamba na kuzama. Mashua ya Eric inapita salama. Kwa nini? Kwa sababu Sandpiper anacho kisamaki cha madini ya sumaku, alichokipata nchi za mbali, ambacho kikining'inizwa huelekea kaskazini. Mashujaa wote wa picha hiyo, wafalme na wana wa wafalme, hawajui waendako. Anayejua ni mtumwa mweusi. Ukimwondoa yeye, Eric anakamatwa katikati ya picha na hakuna mnara, hakuna upanga uliovunjika, hakuna moto juu ya maji.

Wakaguzi wa historia husema dira hiyo nayo ni kosa, maana Ulaya haikuandika habari za sindano ya sumaku mpaka mwishoni mwa karne ya 12. Kwa Ulaya ni kweli. Ila samaki yule si wa kubuniwa. Wachina walieleza namna ya kutengeneza samaki wa chuma anayeelea na kuonyesha upande mwaka 1044. Na Baylak al-Qibjaqi, aliyeandika kwa Kiarabu mwaka 1282, anasema kwamba manahodha wa Bahari ya Hindi walitumia samaki wa chuma aliye mtupu ndani, wakamweka juu ya maji, naye akageuka mpaka akaonyesha kusini na kaskazini. Bahari ya Hindi, msomaji. Siyo Hardanger.

Nilimweleza mjukuu wangu hayo yote kwa urefu kuliko alivyotaka. Alinisikiliza, akarudisha picha nyuma, akaitazama ile sehemu ya ukungu mara mbili, na mnara wa mwisho hakuungoja. Kesho yake nilimkuta uani amechutama mbele ya beseni la maji. Alikuwa ametoa sumaku katika spika ya redio mbovu, akasugua nayo kipande cha bati alichokikata mfano wa samaki, na kukilaza juu ya kizibo. Samaki alizunguka, akayumba, akazunguka tena. Kisha akatulia, kichwa chake kimeelekea upande wa kibla.